Si Kila Tundu ni la Kuziba

Palikuwa na familia moja Nyalukemba, mjini Bukavu, iliyoishi katika nyumba ya zamani kwenye mteremko unaoshukia Ziwa Kivu. Familia hiyo ilisumbuliwa na maji ya moto kwa muda mrefu. Kuna asubuhi yalitoka vizuri kisha yakakatika mtu akiwa amejaa sabuni. Kuna siku yalitoka vuguvugu tu. Kuna siku robine ilikohoa, ikatema hewa na matone, ikanyamaza. Waliitwa mafundi watatu kwa nyakati mbalimbali. Kila mmoja alifanya jambo moja, akalieleza likaeleweka, akalipwa, akaenda zake. Mwishowe boila lilipasuka alfajiri, na bibi wa nyumba hiyo, koko kama wajukuu wanavyomwita, akaungua mguu na mkono.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu hapakuwa na mwizi ndani yake, wala mvivu. Kila aliyegusa mabomba yale alitaka kusaidia. Nakisimulia pia kwa sababu nyumba za namna hiyo bado ni nyingi Bukavu, na maboila ya namna hiyo bado yanachemka juu ya vichwa vya watu waliolala.

Tuanze na nyumba yenyewe. Mji huu ulipokuwa ukiitwa Costermansville, hadi katikati ya miaka ya 1950, Wabelgiji walijenga nyumba nyingi kwenye rasi na vilima vinavyotazama ziwa. Uso wa Ziwa Kivu uko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mitaa iko juu zaidi ya hapo. Asubuhi ya hapa ina baridi yake. Kwa mzee mwenye maumivu ya viungo au mzazi aliyetoka kujifungua, maji ya moto si anasa.

Nyumba ya kisa chetu ilitumia maji ya mserereko. Darini, chini kidogo ya bati, kulikuwa na tanki la maji baridi. Kutoka tanki hilo bomba lilishuka hadi chini ya boila la shaba la lita 200, lililofungiwa kwenye kijichumba juu ya korido ya bafu. Maji baridi yaliingia kwa chini, yakapashwa na rezistansi ya umeme, na yale ya moto, kwa kuwa ni mepesi, yakapanda juu na kutokea kileleni kwenda kwenye robine. Hapakuwa na pampu. Kilichosukuma maji ni uzito wake mwenyewe.

Uzito huo ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mita 10 za maji ndizo hutoa shinikizo la bari 1. Tanki likiwa mita moja na nusu tu juu ya bomba la kuogea, maji yanasukumwa kwa bari 0.15. Nguvu hiyo inatosha kuoga, lakini haitoshi kusukuma hewa iliyokwama ndani ya bomba, wala kulazimisha maji kupita kwenye bomba la chuma lililojaa kutu.

Kileleni mwa boila palikuwa na bomba jingine tena, jembamba, lililopanda wima hadi juu ya tanki la darini, likajikunja na kuelekeza mdomo wake ndani ya tanki. Mdomo huo ulikuwa wazi siku zote, na hapakuwa na robine iliyounganishwa nalo. Hilo ni bomba la pumzi, na kisa chote kimezunguka hapo.

Maji yakipashwa moto hutanuka. Lita 200 zikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 za Selsiasi huongezeka kwa lita 3 hivi, na lita hizo 3 lazima zipate pa kwenda. Katika mfumo wa mserereko zinarudi polepole kwenye tanki kupitia bomba la kuingizia. Hewa na mvuke nazo hutokea kwenye bomba la pumzi. Njia hizo mbili zikiwa wazi, boila haliwezi kupasuka hata kama moto umezidi, kwa sababu shinikizo haliwezi kuzidi uzito wa maji yaliyo juu yake. Boila la shaba la aina hii hutengenezwa jembamba kwa kutegemea jambo hilo. Limekusudiwa kubeba uzito wa mita chache za maji, basi.

Sasa tuwafuate mafundi.

Wa kwanza aliitwa kwa sababu maji yalikuwa vuguvugu. Akapima rezistansi, akaona imeshika chokaa, akabadilisha. Akafungua maji, akajaza upya, akawasha. Siku chache mambo yakawa mazuri. Kisha vuguvugu likarudi. Alipoitwa tena, aliona termostati imezeeka, akadhani ndiyo inayokata umeme mapema. Akaunganisha waya moja kwa moja, termostati ikabaki pambo. Maji yakapata moto kweli, na familia ikamshukuru.

Ugonjwa wa vuguvugu ulikuwa kwenye umeme. Rezistansi ya kilowati 2 inayotengenezwa kwa volti 220 hutoa kilowati 2 pale tu inapopata volti 220. Volti zikishuka hadi 160, jambo la kawaida mtaa mzima unapopika jioni, nguvu haishuki kwa robo kama mtu angedhani. Inashuka karibu nusu. Boila ambalo lingechukua saa 5 kupata moto linachukua saa 9 au zaidi, na mtu anayeoga saa kumi na mbili asubuhi anakuta kazi haijaisha. Rezistansi mpya haiongezi volti. Termostati iliyorukwa nayo haiongezi. Inachofanya ni kuondoa mlinzi, ili usiku ambao umeme ni mzuri moto usiwe na wa kuuambia basi.

Usiku huo haukukawia kuja. Maji yalichemka. Bukavu, kwa sababu ya mwinuko wake, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mvuke ukapanda bomba la pumzi, maji ya moto yakamwagikia tanki la darini, unyevu ukapenya dari ya korido na kuacha doa la kahawia. Bomba lilikuwa linafanya kazi yake. Lilikuwa linaiambia nyumba, kwa lugha pekee linaloijua, kwamba huku chini moto umepita kiasi.

Fundi wa pili aliitwa kuangalia doa. Akapanda darini, akaona bomba lililo wazi likidondosha maji ya moto. Akauliza, na haki yake kuuliza, bomba gani hili lisilokwenda popote? Akakata nyuzi za katani, akazizungusha kwenye meno ya bomba, akapaka rangi, akakaza kofia ya chuma kwa spana mpaka mkono ukagoma. Kazi safi. Ukiitazama leo utaisifu, maana haikuvuja hata tone. Doa darini likakauka.

Wahenga walituachia neno: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mafundi wengi wamelelewa na neno hilo, na wenye nyumba huwalipa kwa sababu hiyo. Lakini ufa ni kitu kilichoharibika, na tundu lile lilikuwa limewekwa kwa makusudi na aliyejenga. Aliyeziba hakutofautisha.

Baada ya hapo mvuke ukikusanyika kileleni mwa boila ulisukuma maji ya moto chini, yakarudi kwa bomba la kuingizia hadi tanki la darini. Robine ya maji baridi ikaanza kutoa maji ya uvuguvugu, na maji ya kunywa ya familia nayo yakapata ladha ya shaba. Akaitwa fundi wa tatu. Yeye alisema kweli tupu: maji ya moto yanarudi nyuma. Akafunga vali ya njia moja, ile mafundi wa hapa huiita klape, kwenye bomba la kuingizia. Maji yakaacha kurudi.

Kwa hiyo njia ya juu ilikuwa imefungwa, na ya chini nayo ikafungwa. Lita zile 3 zilibaki na mlango mmoja tu: raba zilizochakaa za robine za bafuni. Usiku robine zilianza kudondosha zenyewe, tone kwa tone, kila boila lilipopata moto. Baba mwenye familia hakupenda kuona maji yakipotea. Jumamosi akanunua raba mpya, akazibadilisha zote kwa mkono wake, akajaribu, zikanyamaza kabisa. Mzazi anayetunza nyumba yake ndivyo afanyavyo.

Usiku uleule umeme ulirudi ukiwa na nguvu. Alfajiri koko alikuwa ameamka kwa ajili ya sala na anapita korido kwenda bafuni. Boila likafumuka kwenye mshono wa chini, mbao za kijichumba zikaanguka, na maji yaliyokaribia kuchemka yakashuka na dari. Alikuwa amebakiza hatua mbili kufika chini yake. Hatua hizo mbili ndizo zilizomwacha hai, akiwa na vidonda vilivyochukua miezi kupona. Kwenye nyuzi 60 maji huunguza ngozi kwa kina ndani ya sekunde chache. Yale yalikuwa zaidi ya hapo, na ngozi ya mzee ni nyembamba kama ya mtoto.

Yangeweza kuwa mabaya kuliko hayo. Boila la shaba lilifumuka mapema kwa sababu ni jembamba. Chombo cha chuma kizito kingevumilia, maji yakapanda juu ya nyuzi 100 bila kugeuka mvuke, na siku ya kupasuka yote yangegeuka kwa mara moja. Maji yakiwa mvuke huhitaji nafasi karibu mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Tarehe 19 Januari 1982, katika shule ya msingi ya Star mjini Spencer, jimbo la Oklahoma, Marekani, boila la maji lililipuka wakati wa chakula cha mchana. Walikufa watu 7, wakiwemo watoto 6 na mwalimu mmoja. Moto ulikuwa umezidi, na vifaa vya kuuzuia na kuutolea njia havikufanya kazi. Ni kisa kilekile: mlinzi wa moto ameharibika, na mlango wa dharura nao haufunguki.

Fundi wa nne alikuwa mzee, na aliitwa kusafisha uharibifu. Hakufungua sanduku la zana. Alivuta kiti.

"Mama, shida hii ilianza lini? Hebu nieleze tangu mwanzo kabisa, kabla ya fundi yeyote kuja."

"Zamani, mzee. Maji ya mjini yakikatika siku mbili tatu halafu yakarudi, ndipo ya moto yanakohoa na kukatika."

"Na robine ya baridi, nayo hukohoa?"

"Hapana. Hiyo iko vizuri siku zote."

"Basi mlango wa ugonjwa tumeuona."

Maji ya mjini yakikatika, tanki la darini huisha na hewa huingia kwenye mabomba. Yakirudi, hewa inapaswa kutoka. Kwenye bomba la baridi ilitoka. Kwenye la moto kuna mahali ilikwama. Mzee akachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji, akapanda nao darini, akafuatisha bomba la moto kutoka kileleni mwa boila hadi lilikoshukia bafuni. Maji ndani ya mpira hayadanganyi: usawa wa upande huu ndio usawa wa upande ule. Akapiga alama kwa chaki kila hatua. Katikati ya safari bomba lilikuwa limelegea likashuka kiganja kizima, kisha likapanda tena na kufanya mgongo kabla ya kuteremka. Kwenye mgongo huo ndimo hewa ilimokaa, na bari 0.15 haikuweza kuitoa.

Vishikizo vya bomba vilikuwa vimeng'oka ukutani. Mahali vilipong'okea palikuwa na ufa wa zamani uliopakwa lipu. Wazee wa nyumba walikumbuka ufa ule: tetemeko la Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, lililofikia 5.9 katika kipimo na kuangusha majengo Bukavu na ng'ambo, Rwanda. Ukuta ulizibwa mwaka uleule. Hakuna aliyepanda darini kutazama mabomba.

Mzee alirudisha vishikizo, akalipatia bomba mteremko mmoja usio na mgongo, akazoa matope ya vidole vinne kwenye sakafu ya tanki na kuinua mdomo wa kutolea maji usinyonye tope. Boila jipya likafungwa na termostati yake, bomba la pumzi likarudishwa wazi juu ya tanki, klape ikatupwa. Ukiondoa boila lenyewe, lililokufa bure, kilichohitajika tangu mwanzo kilikuwa vishikizo vichache, skrubu na mchana mmoja wa kazi. Na kwa umeme dhaifu, dawa ilikuwa kulifunika boila kwa blanketi zito la kuhifadhi joto na kuwasha mapema, saa ambazo mtaa umelala.

Sasa funzo lenyewe.

La kwanza ni kufuata maji kabla ya kugusa kitu. Kuna kipimo kisichohitaji chombo zaidi ya ndoo. Jaza ndoo ya lita 10 kwa robine ya baridi, kisha kwa ya moto katika chumba hichohicho, ukitazama saa. Zikijaa kwa muda unaokaribiana lakini maji si ya moto, tatizo liko kwenye joto: umeme, rezistansi, termostati. Ya baridi ikiwa na kasi na ya moto ikizubaa, tatizo liko kwenye bomba kati ya boila na robine, iwe hewa, kutu au vali iliyofungwa nusu. Zote mbili zikizubaa, panda kwenye tanki, utakuta tope au boya lililokwama. Kipimo hicho kinafanyika kwa robo saa, na kingempa fundi wa kwanza pa kuanzia kabla ya kubadilisha rezistansi.

La pili ni kuuliza kila bomba kazi yake. Usilolijua usilifunge. Birika la chai ukiliziba mdomo na kifuniko huku moto unawaka, hakuna atakayesema umelitengeneza. Kama nyumba yako ina boila la kisasa lililofungwa kabisa, lile linalopokea maji ya mjini moja kwa moja, bomba la pumzi halipo. Mahali pake pana vali ya usalama, ambayo katika maboila ya Kifaransa hufunguka kwenye bari 7. Vali hiyo hudondosha kidogo kila maji yanapopata moto, na watu huikaza au kuiziba kwa kuonea huruma sakafu. Hizo ni lita 3 zilezile zinatafuta mlango. Iwekee bomba la kupeleka maji nje, usiizibe.

La tatu ni kutoondoa mlinzi ili kupata raha. Termostati ikirukwa, kwa siku chache nyumba nzima inafurahi. Iweke kwenye nyuzi 60: chini sana ya hapo bakteria hukaa kwa raha ndani ya boila, na juu ya hapo unaandaa majeraha. Na kabla ya mkono wowote kukaribia boila, umeme ukatwe kwenye swichi kuu, na waya wa ardhini uhakikishwe upo, maana rezistansi inaishi ndani ya maji yanayomgusa mtu.

La nne, nami naliona kubwa kuliko yote, ni kumbukumbu. Fundi wa tatu hakujua alichofanya wa pili, na wa pili hakujua alichofanya wa kwanza. Baba naye hakujua lolote kati ya hayo aliponunua raba. Kila mmoja alikuta nyumba mpya machoni pake. Angekuwepo mtu mmoja wa kusema "termostati imerukwa, na bomba la juu limezibwa", fundi mwaminifu yeyote angeweka zana chini na kukataa kufunga klape. Mafundi wetu hawana pa kusoma historia ya nyumba, kwa hiyo mwenye nyumba lazima awe ndiye kitabu. Bandika karatasi kwenye mlango wa kijichumba cha boila. Kila fundi aandike tarehe, alichokuta, alichobadilisha na alichofunga. Mpangaji akihama, karatasi ibaki.

Wewe unayeishi katika nyumba kama ile, Nyalukemba au kwingineko, usingoje robine ikohoe. Zima umeme wa boila, panda darini na tochi, utafute bomba jembamba linaloinama juu ya tanki. Ukilikuta wazi, liache kama lilivyo na uwaonyeshe wote wa nyumbani kazi yake. Ukilikuta na kofia, usiwashe tena boila hilo mpaka kofia itoke.